N900 mfukoni: Dar, Njombe, Songea mpaka Ziwa Nyasa

Nimerudi Dar, nguo zimefuliwa, na sasa ninapanga simulizi hii kutoka kwenye faili moja la maandishi na picha nilizopiga njiani. Faili lenyewe niliandika kwa vidole gumba viwili, kwenye Nokia N900, na nusu ya hamu yangu ya kusafiri ilikuwa hiyo: kuona kama kompyuta ya mwaka 2009 inaweza kubeba likizo nzima bila kunikwamisha.

Kwa wasioijua, N900 inapiga simu, lakini simu ni programu mojawapo tu ndani yake. Mfumo wake, Maemo 5, ni Linux, mfumo huria wa kompyuta, wa ukoo wa Debian. Ukifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika apt-get na programu inashuka. Skrini ya inchi 3.5 inateleza kwenda juu, na chini yake kuna kibodi ya safu tatu. Memori ni MB 256, prosesa megahezi 600, hifadhi GB 32. Ni nene kama kipande cha sabuni ya mche na ukiiweka kwenye mfuko wa shati, shati linainama. Mwaka 2011 Nokia wakaamua kwenda na Windows ya Microsoft. Simu yao ya N9 iliyotoka mwaka huohuo haikuwa tena na kibodi, na njia ya mashine hizi ikaishia hapo. Waliobaki nayo ni wapenzi wa kujitolea wanaotunza hazina za programu, na wengine wanaojenga mfumo mpya wa kuchukua nafasi ya Maemo 5, uitwao Maemo Leste. Mimi nimebaki na ule wa zamani kwa sababu ndani yake vikorombwezo vyote vinafanya kazi, na vikorombwezo ndivyo vilivyonipa safari hii.

Simu ya kawaida nilibeba pia, kwa ajili ya tiketi na kutuma pesa. Sijidanganyi: kivinjari cha N900 kimezeeka na tovuti nyingi za leo hazikubali hata kukifungulia mlango.

Jumatano, 9 Julai: Kariakoo hadi Morogoro

Asubuhi nilipita mtaa wa Aggrey kutafuta betri za akiba. N900 inatumia BL-5J, ileile ya Nokia C3, Asha 302 na Lumia 520, kwa hiyo bado zinapatikana kwenye meza za simu. Muuzaji akanipangia tatu: ya 5,000, ya 8,000 na ya 15,000.

"Hii original, bosi wangu."

"Na hii ya elfu tano?"

"Hiyo nayo original."

Nikazipima mkononi. Ya elfu tano ilikuwa nyepesi mno, nikairudisha. Nikachukua mbili za 8,000, na chaja ya kobe, ile ya kubana betri kwa meno mawili, kwa 3,000.

Kwa atakayesafiri na mashine hii: mahali pake dhaifu panajulikana, ni tundu la kuchajia. Waya ukivutwavutwa linaweza kung'oka kwenye bodi, na basini kila kitu kinavutwavutwa. Chaji betri nje, tumia kobe, tundu liache lipumzike. Betri tatu zilinitosha siku mbili za kuandika, ramani na muziki, mradi intaneti iwe imezimwa.

Jioni nikapanda treni ya SGR, daraja la kawaida, 13,000 hadi Morogoro. Njoo na kitambulisho na uwahi, mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege. GPS ya N900 bila msaada wa mtandao inachukua muda mrefu kujua iko wapi, kwa hiyo niliiwasha mapema nikiwa bado nje, chini ya mbingu wazi. Ndani nikakaa dirishani na kuifungua programu ya modRana, ambayo nilikuwa nimeijaza ramani za OpenStreetMap nyumbani. Baada ya Pugu namba ya kasi ikaanza kupanda: kilomita 110 kwa saa, 130, 157. Kijana wa kiti cha pili akawa ananisomea kwa sauti kila ikibadilika, mpaka mama mmoja akatuomba tumwache alale.

Gesti ya karibu na Msamvu 20,000, feni na chandarua. Wali nyama 4,000.

Alhamisi: Morogoro hadi Njombe, kupitia foleni

Kudandia basi katikati ya njia kuna gharama yake. Niko Msamvu tangu saa kumi na mbili, mabasi yanayotoka Dar yanaingia yamejaa, wapiga debe wanakuuzia siti ambazo hazipo. Saa tatu nikapata moja ya nyuma kabisa, 35,000. Kama una haraka, kata tiketi tangu Mbezi na uisahau treni. Kama huna, treni ni tamu.

Mikumi barabara inakatiza hifadhini na madereva wanashika breki, kwa sababu ukigonga mnyama unalipa, na kila mnyama ana bei yake. Kamera ya N900 inawaka yenyewe ukivuta kifuniko cha lenzi, kwa hiyo nilipata twiga wawili kabla basi halijawapita. Nyani hawakuhitaji haraka, wamekaa barabarani kama wenye nyumba. Ruaha Mbuyuni tukashuka kuchimba dawa, tukala chipsi kuku kwa 7,000, na nusu ya abiria wakarudi na mifuko ya vitunguu.

Halafu Kitonga. Lori lilikuwa limezima kwenye kona ya katikati ya mlima na foleni imeshuka mpaka chini. Konda akasema nusu saa. Wazoefu wakatandika khanga majanini.

Mbele yetu kulikuwa na lori la kwenda Tunduma, dereva mtu mzima, amefungua kisanduku cha ubavuni na kuwasha jiko la gesi. Redio yake ilikuwa inakwaruza tu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Huku bondeni redio haishiki kitu, kijana wangu."

"Mzee, weka tisini na nane nukta moja."

Akaniangalia, akaweka. Kimya. Mimi nikafungua kibodi, nikawasha kirusha matangazo cha FM kilichomo ndani ya N900, nikagusa folda ya muziki wa dansi wa zamani. Spika za lori zikajaa magitaa.

Tingo akaruka kutoka kivulini. "Waya uko wapi?"

"Hakuna waya."

"Bluetooth?"

"Redio hii ya zamani ina bluetooth? Hii simu yenyewe ndiyo stesheni."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama naweza kusoma na taarifa ya habari. Nikasogea dirishani nikamtangazia kwa mdomo hali ya foleni. Basi ikawa hivyo kwa muda mrefu: chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki, mkate, machungwa, na abiria wa basi letu wakija kuomba nyimbo. Mama mmoja wa makamo aliomba wimbo wa ujana wake, nilikuwa nao, na alisimama kando ya lori akiusikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Nilipotaka kuchangia chai mzee alikataa. "Umelipa kwa redio."

Masafa yake ni mita chache tu, na mjini hutapata nafasi tupu kati ya stesheni. Mahali kama Kitonga ndiko kifaa hiki kinakuwa mfalme. Simu yangu mpya, yenye kila kitu, haina hiki. Sijui ni nani alikaa mkutanoni akaamua watu hawakihitaji.

Lori lilivutwa karibu saa kumi na moja. Iringa tuliiona taa zake tu juu ya mlima. Njombe saa nne na nusu usiku.

Ijumaa: baridi ya Njombe, kisha Songea

Julai Njombe si ya mchezo. Asubuhi nilitoka mara moja kununua glavu za mtumba, 2,000, na hapo nikagundua raha nyingine. Skrini ya N900 ni ya kubonyeza, haisubiri ngozi ya kidole, kwa hiyo inatii hata ukiwa na glavu au ukitumia ukucha. Simu mpya ilikuwa imekaa mfukoni bure.

Mama mwenye gesti nilimkuta mapokezi anagonga televisheni ya ukutani.

"Shikamoo mama. Kamwene."

"Kamwene, mwanangu. Rimoti imepotea tangu Pasaka. Haitoki hapa." Ilikuwa imeganda kwenye chaneli isiyo na picha, na vitufe vya pembeni vimekufa.

N900 ina taa ya infraredi ubavuni, na kuna programu iitwayo Pierogi inayojifanya rimoti ya aina nyingi za televisheni. Nikachagua chapa, nikaielekeza, nikajaribu seti moja baada ya nyingine. Televisheni ikaruka kwenye king'amuzi. Mama akaita jikoni kwa kilugha, wakatoka wawili kuja kuangalia. Chai ya maziwa, viazi mviringo vya kuchemsha na parachichi zima vilivyofuata havikuwemo kwenye bili ya 15,000. Akaniuliza simu hiyo inauzwaje. Nikamshauri anunue rimoti ya elfu tano pale stendi.

Njombe hadi Songea ni kona, misitu ya mbao, na usingizi.

Jumamosi: Songea hadi Mbamba Bay

Kabla ya gari kujaa nilipata saa moja ya Makumbusho ya Majimaji, palipo na kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nenda, na uende na muda zaidi ya wangu.

Coaster hadi Mbinga, kisha Noah ya watu wengi kuliko siti. Lami sasa inafika hadi ziwani. Baada ya Mbinga angalia miteremko: Wamatengo wanalima kwa mashimo ya ngoro, shamba zima limechorwa miraba, na maji ya mvua yanakaa shimoni badala ya kushuka na udongo. Nilipakatishwa mzigo wa mtu, lakini niliandika. Hili ndilo ninalolipenda kwenye kibodi hii. Kitufe unakihisi, macho unaacha dirishani. Kuna kero moja tu: kitufe cha nafasi kiko pembeni kulia, si katikati, na mgeni huandika maneno yakiwa yameshikana siku nzima ya kwanza. Kiswahili kinakwenda vizuri, hakina herufi zenye vikofia, na hakuna programu ya kukukosoa kila neno.

Tukashuka mlima wa mwisho na ziwa likafunguka lote, bluu mpaka Malawi usiione. Chumba 15,000, hatua chache kutoka mchangani. Mbasa wa kukaanga na ugali wa muhogo, 6,000. Samaki huyu peke yake ni sababu ya safari.

Jumapili na Jumatatu: kungoja meli

Mpango ulikuwa kupanda meli Jumapili. Upepo wa mwera ulikuwa umeamka, mawimbi yanapiga gati, meli haijatoka kule ilikokuwa. Ratiba ya ziwani ichukue kama salamu. Nenda bandarini mwenyewe, uulize, na uwe na siku mbili za ziada na pesa zake.

Hapo ndipo nilipokutana na Mwalimu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la muuza chai, mashine imesimama kwa mguu wake wa nyuma, terminali imefunguka. Kivuli kikasimama juu yangu.

"Kaka, samahani. Hiyo ni command line?"

Anafundisha sekondari, na somo la kompyuta ameligawiwa pamoja na hesabu. Wanafunzi wake wanachora kibodi kwenye daftari. Kompyuta zilizopo ni chache na siku nyingi umeme ndio unaoamua. Nikamwachia N900. Akaipokea kwa mikono miwili, akaandika ls, amri ya kuorodhesha faili, akatabasamu. Kisha akaandika mkdir, ya kutengeneza folda, kwa kujiamini kabisa, na nikaona kwamba anayajua yote haya kwa karatasi.

"Jioni uko wapi?" akauliza.

Jioni tulikuwa kwenye kibanda umiza cha jirani yake, ambacho hakikuwa na mpira siku hiyo. Mwenye kibanda ana televisheni ya chogo ya akiba, yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. N900 ilikuja na waya wake wa kutoa picha, na mimi huubeba bila kujua kwa nini. Tukachomeka. Kioo kikatetemeka, halafu terminali ikatokea kubwa, nyeusi, na kursa inapepesa. Vitufe vya sauti huongeza ukubwa wa maandishi kwenye terminali, nikabonyeza mpaka aliyekaa mwisho akasema anaona.

Wanafunzi walikuja kama kumi hivi, wengine na wadogo zao. Ndani ya N900 kuna Python, lugha ya kuandikia programu, toleo la zamani la 2.5, linalotosha sana kwa kazi hii. Mwalimu akasimama mbele na fimbo ya kuonyeshea, mimi nikawa mchapaji. Baadaye nikaondolewa: binti wa kidato cha pili aliomba kuandika mwenyewe. Akaandika kitanzi, yaani amri zinazojirudia, cha jedwali la saba. Kikagoma. Mwalimu hakumwambia kosa, akauliza darasa. Mvulana wa nyuma akapaza sauti kwamba mstari wa pili haujasogezwa ndani. Binti akausogeza, akabonyeza, na 7, 14, 21 zikaanza kumiminika kwenye chogo. Kelele zilizopigwa, wavuvi walichungulia wakidhani kuna goli.

Jumatatu wakaja tena, safari hii na maswali waliyoyaandika usiku. Mmoja alitaka kujua kwa nini mashine inakubali kufuta faili zake zenyewe bila kumzuia mtu. Nikamwambia kwa sababu inaamini wewe ndiye mwenye mali. Mwalimu akasema jibu hilo asilisikie mtu shuleni.

Mwenye kibanda alikataa pesa ya umeme. Tukamnunulia soda.

Jumanne na Jumatano: juu ya maji

Mwera ulitulia, meli ikaja, ikapakia dagaa, mahindi na sisi. Tiketi unakata dirishani bandarini. Beba shuka, maji na kitu cha kula, na kama tumbo lako linaogopa mawimbi usipande bila kula chochote.

Kituo cha kwanza cha maana ni Liuli. Zamani Wajerumani walipaita Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx, kwa ajili ya mwamba wake, na hapo ndipo Agosti 1914 boti ya Waingereza, Guendolen, iliivamia na kuilemaza meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa wakifahamiana, na inasimuliwa kwamba yule Mjerumani hakuwa amepata habari kuwa vita vimeanza. Nilimsomea hadithi hii mzee mmoja wa Liuli niliyekaa naye. Akanisahihisha ni mwamba upi hasa uliopewa jina, akaninyoshea kidole.

Usiku Manda, Lupingu, kila kituo ni mitumbwi inayokuja ubavuni na watu wanaoshuka wakiwa na mabati, magodoro, kuku. Milima ya Livingstone imesimama wima upande wa kulia, haina taa. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700 mahali penye kina kirefu, na kwenye ramani ya N900 sisi tulikuwa kitone tu kwenye bluu tupu. Nilikuwa kwenye betri ya mwisho. Nikazima kila kitu isipokuwa nano, programu ya kuandikia maandishi, nikapunguza mwanga wa skrini mpaka mwisho, nikaendelea kuandika.

Asubuhi jua lilikuwa kali sitahani. Skrini za simu za watu zikawa vioo vya kujitazama. Ya N900 inasomeka juani. Tulifika upande wa Kyela jioni. Wali wa Kyela kwa maharage, 3,000, na hotelini nikachomeka kobe kabla sijavua viatu. Kyela, Tukuyu, Mbeya, basi la usiku, Dar.

Gharama na maswali niliyoulizwa

Usafiri, malazi na chakula, pamoja na siku za kungoja, nimekaa chini kidogo ya laki tatu na nusu, bila mizigo ya mchele niliyobebeshwa na shangazi Mbeya.

Wengi wameuliza N900 inapatikana wapi. Mpya haipo. Utaikuta iliyotumika, mara nyingi kwa mtu aliyeisahau kabatini. Kabla hujalipa: bonyeza kila kitufe cha kibodi, hasa mishale, telezesha skrini mara kadhaa usikilize kama inalegea, chomeka chaja uone kama tundu linacheza, vuta kifuniko cha kamera. Betri ikiwa imevimba isikutishe, hiyo ni ya kubadilisha. Waya wa televisheni ukiwepo kwenye boksi, usiuache.

Mwalimu amenitumia ujumbe wiki iliyopita. Amepata moja Songea, kioo kimepasuka pembeni, kibodi nzima, na anauliza apt-get inagomea wapi kwa sababu hazina za zamani za programu hazijibu. Nimemtumia anwani za hazina zinazotunzwa sasa na wapenzi wa Maemo. Anasema waya wa televisheni hakupewa, kwa hiyo wangu umeshapanda basi la Songea.